Kulipa, kulipia, kulipiza: shemeji kanielewa vibaya, nisaidieni

kalamu_kavu

Wadau habari zenu. Nina swali la Kiswahili, msicheke kwanza, au chekeni afu mnisaidie.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinikopesha hela nilipokwama. Ni mtu mpole sana, hajawahi kunikumbushia hata siku moja. Sasa juzi usiku nikajisikia aibu mwenyewe nikamwandikia meseji, naiweka hapa kama ilivyo kwenye simu: "Shem usidhani nimesahau ulichonifanyia, mwisho wa mwezi lazima nitakulipiza." Nikaweka simu pembeni nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Naamka nakuta simu 7 sijapokea. 3 za shem, 4 za mke wangu ambaye alikuwa safarini na ameshapigiwa na kaka yake. Shem anauliza nimemkosea nini huyu mtu, kama kuna maneno kasikia basi tukae tuzungumze kabla ya huo mwisho wa mwezi.

Mi kichwani mwangu lipiza ilikuwa ni lipa yenye nguvu, yaani kulipa kisawasawa, kulipa mpaka shilingi ya mwisho. Kumbe sivyo? Naomba mtu anipangie haya maneno maana naona yote yanatoka kwenye lipa: lipa, lipia, lipisha, lipiza. Na rudisha na rejesha zinaingia wapi. Na je lipiza haiwezi kabisa kutumika kwa jambo zuri, mtu kakutendea wema na wewe unamlipiza wema?

Chogo

"sijasahau ulichonifanyia, mwisho wa mwezi nitakulipiza"

Mkuu hiyo siyo meseji ya deni hiyo ni ilani ya vita na umempa na tarehe kabisa 😂 ningekuwa mimi ndo shem ningeshahama

mwl_mstaafu

Ndugu kalamu_kavu pole, ila kosa lako lina mantiki yake kwahiyo usijione mjinga. Ngoja nilieleze kwa namna nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi, sio kwa majina marefu ya kwenye vitabu vya sarufi.

Kwenye kila malipo kuna watu wawili, mwenye deni na mwenye kudai. Sasa jiulize kitenzi kinamfanya nani awe mtendaji. Ukisema "nalipa", mtendaji ni mwenye deni, mzigo uko kwangu na nautua. Ukitia -ish- au -iz- ule usukani unahama. "Namlipisha" maana yake mimi ndiye ninayedai na yeye ndiye anayetoa. Kondakta anamlipisha abiria, abiria analipa. Na "namlipiza" ni hivyohivyo, mimi ndiye ninayedai, ila hapa sidai hela, nadai maumivu. Amenitenda, sasa namtoza kwa kumtenda.

Kwahiyo ulipomwambia shemeji "nitakulipiza" umegeuza meza. Hujamwambia una deni lake, umemwambia YEYE ana deni lako na utalichukua mwenyewe kwa mkono wako. Halafu ukatanguliza "usidhani nimesahau ulichonifanyia". Hapo hata mimi ningepiga simu 3.

Lipisha na lipiza zote zilikuwa zinaweza kubeba maana moja kwa umbo, lakini lugha ikagawa kazi, lipisha ikaenda kwenye hela na lipiza ikaenda kwenye visa. Ndio maana lipiza karibu kila mara unaikuta na rafiki yake kisasi, na hata ukimwacha kisasi nyumbani ("alimvumilia mwaka mzima, siku ya siku akalipiza") msikilizaji anamrudisha mwenyewe kichwani.

Lipia ni nyepesi. Ina kazi mbili. Unalipia kitu au huduma unayopata, na unamlipia mtu, yaani unatoa kwa ajili yake. Deni, kodi, faini, mshahara unalipa. Tiketi, chumba, umeme unalipia. Watu wanachanganya kila siku na dunia haijaanguka, lakini kwenye kutendwa usichanganye: "nimelipwa" hela imeingia mfukoni kwangu, "nimelipiwa" imetoka mfukoni kwa mwingine na mimi sikuishika. Mtu akikuambia "nimelipiwa" usimkope.

ngeli_ya_saba

Mwalimu shikamoo, ila hapo kwenye -iz- naona umebana. Hiyo -iz- siyo lazima iwe ya kusababisha, kuna mahali inatia mkazo tu. Sikia na sikiliza, anayesikiliza hasababishi mtu asikie, anasikia kwa bidii. Kwahiyo jamaa kusema lipiza ni kulipa kwa bidii hajatunga kitu, ametumia kanuni iliyopo ila amekosea mlango. Mi naona lipiza yenyewe ndo ilizaliwa hivyo, kulipa kwa mkazo, kulipa baya kwa baya bila kupunguza.

mwl_mstaafu

Marahaba. Hoja ya sikiliza naipokea, ni mfano mzuri. Lakini kama lipiza ingekuwa mkazo tu basi "nalipiza deni la benki" ingesikika walau mara moja kwa mtu aliyelipa deni lote kwa mpigo, na hujaisikia. Mkazo hauchagui cha kukazia. Hii inachagua.

dada_wa_tafsiri

Mi natafsiri kila siku na hii lipiza imenitoa jasho kuliko maneno magumu, niongeze mawili matatu.

La kwanza, mwalimu nadharia yako ya mwenye deni na mwenye kudai ni tamu lakini inavuja sehemu moja. Watu wanasema pia "kulipa kisasi", bila -iz-, na ni Kiswahili safi kabisa, timu ikifungwa mzunguko wa kwanza ikashinda wa pili unasikia imelipa kisasi, na mwingine kwenye taarifa hiyohiyo anasema imelipiza kisasi. Hapo anayelipa ndo aliyekosewa. Sasa ana deni gani?

La pili ambalo ndo kubwa kwangu: LIPIZIA. Chukua sentensi hii, "kijana alimlipizia baba yake kisasi". Haya niambieni, baba ni nani humo? Wengine wanaosoma wanaona baba kauawa na kijana kaenda kumtetea damu yake. Wengine wanaona baba alikuwa mkatili na kijana kamgeukia. Zote mbili zimo humohumo kwenye ile -i- moja, kwa ajili ya baba au juu ya baba. Niliwahi kuacha sentensi ya namna hiyo kwenye kazi na mhariri akanirudishia na alama ya kuuliza nyekundu pembeni, nikaisoma upya nikaona kweli nimemuua mtu asiyehusika. Siku hizi navunja: "alilipiza kisasi cha kifo cha baba yake" kama ni kwa ajili yake, na "alimlipiza kisasi baba yake" kama baba ndo mbaya. Neno moja zaidi, lakini hakuna maiti ya ziada.

La tatu ni dogo, linaniudhi tu. "Utalipia hili!" Hiyo ni ya kwenye filamu za kutafsiriwa. Mtu aliyekasirika kwa Kiswahili anasema utanitambua, utajuta, utakiona cha mtema kuni. Hakuna mtu mwenye hasira za kweli anayefikiria malipo ya huduma.

Chogo

"nimemuua mtu asiyehusika" nimekufa mimi sasa

mwl_mstaafu

Dada umenibana mahali pazuri. Nitakujibu kwa imani yangu, sio kwa kamusi. Kisasi ni neno la Kiarabu, qisas, adhabu inayolingana na kosa, jicho kwa jicho isizidi isipungue. Lilipoingia kwetu likaonekana lina ki- mbele basi tukaliingiza kwenye ngeli ya ki-vi, kisasi visasi, kama tulivyofanya kitabu vitabu. Sasa ukisema "kulipa kisasi" unakiona kisasi chenyewe kama deni linalomkalia aliyekosewa, deni la heshima kwa waliokufa au kwa jina la ukoo, asipolilipa hatulii. Mwenye deni bado ndiye mtendaji, ila anadaiwa na watu wake mwenyewe na sio na adui. Kwenye "kulipiza" macho yako yako kwa adui. Unaweza usikubali.

Na kwa kuwa tumefika kwenye asili za maneno, nifurahishe baraza. Deni ni Kiarabu, fidia Kiarabu, kisasi Kiarabu, rejesha na rudisha nazo mizizi yao imetoka hukohuko. Lakini lipa ni ya Kibantu tangu enzi, Wakikuyu wana rĩha, Wachewa wana lipira, Washona wana kuripa ambayo kwao imekaa zaidi upande wa kulipa fidia ya kosa. Yaani deni tulilikopa, kulipa ni kwetu.

dada_wa_tafsiri

Nadharia imezibwa kwa gundi lakini haivuji tena, nakubali kwa sasa.

funga_kumi

Salaam. Naona mnaongea hela na visasi tu, kuna kulipa nyingine hamjaigusa. Sisi tunaofunga tunalipa siku. Mtu alikuwa safarini au mgonjwa Ramadhani ikampita siku 5, baadaye anazifunga siku 5, na utamsikia "leo nimefunga, nalipa". Hapo halipi hela wala halipwi na mtu, anatoa kilekile alichodaiwa, siku kwa siku. Ila mgonjwa ambaye hatarajii kupona au mzee asiyeweza tena kufunga yeye halipi, anatoa fidia, analisha maskini kwa kila siku. Angalieni tofauti hiyo ilivyo kali: kulipa unarudisha kilichodaiwa, fidia unaweka kitu kingine mahali pake kwa sababu kile chenyewe hakiwezekani tena. Mi ndo ninavyotofautisha hata kwenye mambo ya dunia. Umeniharibia simu ukaninunulia nyingine umenilipa simu. Umenivunja mguu utanipa fidia, maana mguu hulipi.

bado_natafuta

@kalamu_kavu umeuliza na rudisha na rejesha hamna aliyekujibu. Kwangu mimi ufunguo ni umekichukuaje. Kama uliAZIMA unarudisha, kama uliKOPA unalipa. Ndoo niliyoazima kwa jirani narudisha ndoo ileile na ufa wake uleule. Hela nilizokopa siwezi kurudisha zilezile, zimeshakwenda, nalipa nyingine zenye thamani hiyo. Ndo maana huwezi kusema "nimelipa ndoo ya jirani" labda iwe umeipasua, na hapo kila mtu anajua imepasuka bila wewe kusema. Jaribu uone, sema tu "nimemlipa kitabu chake" mtu atakuuliza ulikipotezea wapi.

Ila kwenye hela watu wanasema pia "nirudishie hela yangu" na ina ladha yake. Mara nyingi ni biashara imevunjika, nilikupa hela ya kitu hukuleta kitu, rudisha. Au ni deni lakini urafiki umeshaisha. Mtu akianza na "nilipe hela yangu" bado mnaongea, akifika "nirudishie hela yangu" ujue anaona ulimchukulia.

Rejesha ni rudisha iliyovaa suti. Ipo kwenye barua, mikataba, maktaba, na kwenye vikundi vya kukopeshana wanasema rejesho, yaani kile kipande cha mkopo unachotoa kila wiki au kila mwezi. Hiyo nayo imenitesa. Siku moja nimepata meseji ya kwenye simu "marejesho yako ni tarehe 28" nikafurahi kweli, nilikuwa nasubiri kurudishiwa nauli ya safari iliyovunjika. Nikapanga na matumizi. Kumbe ni mkopo, mi ndo natakiwa nirejeshe. Neno moja, hela inakuja au inaondoka hujui mpaka tarehe 28 ifike.

ngeli_ya_saba

Hiyo ya ndoo imekaa vizuri sana, ya azima na kopa sikuwahi kuiwaza. Ingawa azima yenyewe nayo ina vituko vyake, "nimemuazima kalamu" hujui nani anayo kalamu sasa hivi. Kopa walau ina kopesha.

kalamu_kavu

Wakuu mmenisaidia sana, mwalimu hiyo ya usukani kuhama nimeielewa mara moja, na dada pole na yule marehemu. Ila swali langu la mwisho bado. Wema. Mtu kanitendea wema nataka kumwambia siku moja na mimi nitamtendea, nasemaje kama lipiza imefungwa?

funga_kumi

Unalipa tu. Kulipa fadhila, kurudisha fadhila, kulipa wema kwa wema. Lipa haina upande, inachukua rangi ya kinachotolewa. Ukitoa wema ni njema, ukitoa ubaya ni mbaya.

ngeli_ya_saba

Kweli na mfano mzuri uko kwenye Biblia ya Kiswahili, Warumi 12. Mstari wa 17 "Msimlipe mtu ovu kwa ovu", lipa tupu imebeba ubaya. Mstari wa 19 "msijilipize kisasi", hapo imeingia -iz-, na haijafika mwisho wa mstari Mungu anasema "mimi nitalipa". Mistari mitatu hivi lipa, lipiza, lipa. Mwanadamu anakatazwa kulipiza, Mungu analipa. Mwalimu hapo nakupa pointi, maana hakuandika "mimi nitalipiza" na ingesikika vibaya mno.

dada_wa_tafsiri

Afu mnajua "Mungu atamlipa" ndo sentensi ya hatari kuliko zote? Maneno hayohayo. Bibi yangu akipewa kitu anasema "Mungu atakulipa mwanangu" unatoka pale umebarikiwa. Na mtu akitapeliwa anakaa chini anashika shavu anasema "haya, Mungu atamlipa" na hiyo ni laana kamili haina hata neno moja baya ndani yake. Kinachotofautisha ni "haya" na shavu. Kwenye maandishi shavu halionekani kwahiyo natafuta namna nyingine. Na kuna "Mungu atanilipia", hiyo sio kwamba Mungu atanilipia bili, ni kwamba nimeshindwa kulipiza mwenyewe nimemkabidhi kesi.

Kwa wema kuna neno lingine zuri linapotea, kujazi. "Mola akujazi kheri." Kwenye Mathayo 6:4 ipo, "atakujazi", yaani atakupa thawabu, na watu wengi wanaisoma "atakujaza" wakidhani ni kosa la uchapaji. Sio kosa. Jazi na jaza ni vitu viwili. Mtu wa kisima anajaza.

mwl_mstaafu

Nyongeza fupi kwa kalamu_kavu, kuna wema ambao haulipiki na Kiswahili kina umbo lake kabisa. "Deni halilipwi" maana yake mwenye nalo hataki au hajaanza kulipa. "Deni halilipiki" maana yake haiwezekani, hata angetaka. La mama halilipiki. La kwako kwa shemeji nadhani linalipika.

kalamu_kavu

Linalipika mwalimu, sio kubwa hivyo. Haya nimeandika upya, nikaguliwe kabla sijatuma maana mke wangu amesema nikikosea tena nitalala nje:

"Shemeji, samahani kwa meseji ya juzi, nilikosea neno. Nilitaka kusema deni lako nalikumbuka na mwisho wa mwezi nitakulipa. Na wema wako nao sitausahau, Mungu akulipe."

Chogo

toa "Mungu akulipe" mkuu, atadhani hela umeshamwachia Mungu

dada_wa_tafsiri

Nimecheka lakini Chogo yuko sahihi 100%. Kwenye deni usitaje Mungu mpaka hela imefika. Na hiyo "sitausahau" nayo itoe, baada ya ile meseji ya kwanza neno kusahau kwako limeshaharibika.

bado_natafuta

na usiandike nitakurudishia, acha nitakulipa palepale. Nitakurudishia kwa mtu aliyetishwa juzi ni kama mwenzako kakupiga kofi na wewe unamrudishia

kalamu_kavu

Nimetuma hivi: "Shemeji samahani kwa meseji ya juzi, nilikosea neno. Deni lako nitalilipa mwisho wa mwezi. Asante sana."

Imesomwa. Anaandika... ameacha... anaandika tena.

Kajibu: "Sawa shem nimekuelewa. Mwisho wa mwezi upi?"

Chogo

kumbe alikuwa anakumbuka siku zote 😂